Kinu Kilichokuwa Kengele

Jambo lote liligharimu simu moja yenye kioo kilichopasuka pembeni, betri mbili, paneli ya jua ndogo kama sinia, mega za miezi ishirini, na ufagio mmoja wa njiti. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili ufagio umekuja mwisho. Vile vingine nilivilipa kwa franga, na kwa kuwa mimi ni mtu wa soko, nilivilipa chini ya bei yake. Ufagio sikuulipa.

Kazi yangu ni kuuza mega, yaani ule upepo ambao simu inakula ili ione mtandao. Ninakaa chini ya mwavuli huku Alunguli, ng'ambo ya mji wa Kindu, hatua mia mbili na kumi kutoka gatini panapoegesha mitumbwi. Kwa sababu hiyo Mwalimu hakuniita kwa jina langu. Aliniita Muuza Upepo. Mega za jambo hili nilizilipa mimi, lakini alikuja pia kujiongezea, na noti zake amezikunja ndani ya kitambaa, anazifungua moja moja kama anayemvua mgonjwa bandeji.

"We Muuza Upepo, leta upepo wa elfu mbili. Na usinipimie kwa kidole chembamba."

"Mwalimu, upepo haupimwi kwa kidole. Mashine njo inapima."

"Na mashine iko ya nani?"

"Yangu."

"Basi njo kidole chako."

Sitasema alizaliwa wapi wala ni binti wa nani. Hilo waulizwe wenye ukoo wake. Ninachokijua mimi ni kwamba alifundisha watu wa nyumba yangu mara mbili, kwa maana ya kwamba alinifundisha mimi, miaka ya vita, shule zilipofungwa, na akamfundisha binti yangu Sifa, kwa simu, miaka hii. Mara zote mbili darasa lilikuwa ua uleule nyuma ya nyumba yake ya matofali mabichi, na mara zote mbili kengele ya shule ilikuwa kinu.

Nieleze habari ya kinu, maana bila kinu hakuna Mwalimu.

Wakati ule mji ulikuwa umefungwa kama mdomo wa gunia. Wenye bunduki walikuwa ndani, wenye bunduki wengine walikuwa porini, na sisi tulikuwa katikati na madaftari yetu. Walikuwa wanatafuta vijana wa kubeba mizigo. Mtoto aliyeketi na buku mkononi ni mtoto asiye na kazi, na mtoto asiye na kazi ana mabega. Kwa hiyo Mwalimu alifundisha kwa namna yake. Hakuna aliyeingia kwa mstari. Huyu aliingia na ndoo, yule na sufuria, mwingine na beseni la matembele ambalo chini yake kulikuwa na kitabu cha kusoma. Tulikuwa kumi na wanne. Alikaa mlangoni pa jiko, kinu mbele yake, akitwanga sombe, yale majani ya mihogo, kwa sababu sauti ya mama anayetwanga sombe haimshangazi mtu yeyote hapa kwetu. Akitwanga polepole, tunafanya hesabu. Akitwanga haraka, Kifaransa. Akinyamaza ghafla, kila mtoto anashika chombo chake.

Chombo chako ulipewa siku ya kwanza, kabla hujapewa kalamu. Mimi nilikuwa na ungo. Yuko aliyekuwa na jiwe la kusagia, yuko wa kupepea moto. Ramazani, mtoto wake wa mwisho, aliyekaa nami mkeka mmoja, alikuwa na ufagio. Ilikuwa ni kazi ya kupepesa jicho: darasa linakuwa jamaa yenye watoto wengi wanaofanya kazi za nyumba.

Na tulisoma bila sauti. Midomo tu. Mwalimu alikuwa anapita mbele yetu anasoma midomo yetu kama wengine wanavyosoma ubao, na ukikosea anakupiga kidogo kwenye kidevu, kwa kidole kinachonuka majani. "Sauti ni njia," alisema. "Muntu anaifuata mpaka kwako." Mpaka leo nikipata karatasi ya serikali midomo yangu inacheza, na mke wangu anauliza kama ninaomba dua.

Kuhesabu mara mbili nako nilikutoa kwake. Alituhesabu tukiingia, akatuhesabu tukitoka, na kila hesabu aliirudia. Siku moja nilimuuliza kwa nini, nikiwa na kiburi cha mtoto aliyejifunza kujumlisha juzi. Akanijibu bila kuacha kutwanga:

"Ya kwanza ni ya kujifurahisha. Ya pili njo hesabu."

Nimejenga biashara juu ya neno hilo, na halijaniacha nipate hasara. Lakini pia halijaniacha nipumzike.

Alikuwa mtu wa kuogopa, na hakuwa anaona haya. Aliogopa pikipiki inayopunguza mwendo. Aliogopa mtu anayeuliza njia. Aliogopa mbwa akibweka, na zaidi mbwa akiacha kubweka. Lakini huyohuyo alivuka Lualaba amesimama ndani ya mtumbwi, mkono kiunoni, akigombana na mpiga kasia juu ya nauli, maji yamebakisha vidole vitatu yaingie. Nilimwambia mara moja, "Mwalimu, kaa chini, tutazama." Akasema mto hauna hila, ukitaka kukuua unakuua mbele ya watu wote. Yeye, akasema, anaogopa vitu vinavyokuja na salamu.

Sasa nije kwa Sifa.

Miaka miwili iliyopita habari za upande wa mashariki zilianza kuwa mbaya tena. Watu waliingia mjini na magodoro kichwani. Redio ilianza kutaja vijiji kama mtu anayehesabu ngazi za kushuka. Mimi niliposikia kijiji cha tatu, nilimtoa Sifa shuleni. Alikuwa darasa la nne. Mwalimu wake mkuu aliniuliza sababu, nikamwambia karo. Haikuwa karo. Niliiangalia ile shule, madarasa sita, milango sita, watoto mia nne mahali pamoja kwa saa inayojulikana na kila mtu, nikaona ghala lisilo na mlinzi.

Mke wangu alisema, "Sasa mutoto atakaa nyumbani afanye nini? Auze mega?"

Nikamkumbuka Mwalimu. Mimi nilikuwa na simu ya ziada ambayo mteja alishindwa kuikomboa. Kwenye mtandao kulikuwa na programu ya masomo, bure kwa maneno yao, ila mega unanunua, kwa hiyo bure yao ilipita kwangu ikawa bei. Kila somo lina mama mmoja anayesema Kifaransa cha pua, halafu maswali, halafu nyota kama umepata. Nilimpelekea Mwalimu simu, nikamwonyesha.

Mama wa simu akasema kwa Kifaransa: Habari ya asubuhi, mko tayari kujifunza?

Mwalimu akainamisha kichwa. "Habari, mama," akamjibu, kwa adabu zote. Kisha akanigeukia. "Anafundisha muzuri. Ila hahesabu watoto."

Alimkubali kwa masharti. Simu haikuruhusiwa kusema kwa sauti. Ilifungwa waya wa sikio mmoja, ukazunguka kutoka sikio hadi sikio, watoto saba, kila mmoja dakika zake, na aliyekuwa hasikii alisoma midomo ya yule mama kwenye kioo. Watoto wengine walikuwa wa majirani, ambao hofu yao ilikuwa ndugu ya hofu yangu. Waliingia na ndoo na masufuria, ingawa mtaa mzima ulijua wanakwenda wapi. Polepole hesabu, haraka Kifaransa. Na siku ya kwanza, kabla ya kuiona simu, kila mmoja alipewa chombo. Sifa alirudi nyumbani akaniambia amepewa ungo.

"Ungo wa nani?" nikauliza.

"Amesema ulikuwa wako, baba."

Sikula vizuri siku ile.

Vita vyake na simu vilikuwa vingi, nami niliitwa kwa kila kimoja kama fundi. Programu ilimwandikia kwamba hawakusoma siku mbili. Alichukia. "Nani amemwambia? Nani ametuona hatukusoma?" Lakini kubwa lilikuwa la mahali. Programu iliomba ijue tuko wapi, na ikakataa kuendelea mpaka ikubaliwe. Mwalimu akasema hapana. Mahali tulipo hatusemi. Nilimweleza kwamba ni mashine tu, haina miguu. Akasema hata yule wa bunduki aliyekuja zamani aliongozwa na sauti isiyo na miguu. Basi alipokwenda kugeuza mihogo yake juani, mimi nikabonyeza kukubali, nikamrudishia simu na uso wa mtu mwema.

Kesho yake asubuhi kioo kiliandika juu kabisa: Kindu, mvua. Na mvua ilikuwa inanyesha.

Hakupiga kelele. Alifunika simu kwa sufuria, akatwanga haraka mara tatu, akanyamaza, na watoto wote saba wakashika vyombo. Kisha aliwahamisha mmoja mmoja, akawaficha kwenye jiko la jirani wa nyuma, na darasa lilikaa humo juma zima, katikati ya moshi, mpaka nilipokwenda kuzima ile ruhusa ya mahali mbele ya macho yake. Nilicheka nilipokuwa njiani. Nilipofika nikamkuta amekaa na mchi magotini, anatazama mlango wa ua. Sikucheka tena. Nilijua anamwona nani mlangoni. Mimi pia nilikuwapo.

Ndiyo, sasa niseme. Nimezunguka vya kutosha.

Katika vita, mashamba yalikuwa nje ya mji na njia zilikuwa zimekatwa. Chakula kiliisha. Majani ya mihogo yaliisha kwanza mitaani, kisha kwenye viwanja, kisha hata miche ilichunwa. Lakini shule ilihitaji kengele. Mwalimu, aliyefikiri mambo yote, aliendelea kutwanga. Aliweka ndani ya kinu majani ya mgomba, nyasi, kipande cha gunia lenye maji, kitu chochote kinachotoa ile sauti ya sombe. Akatwanga polepole kwa hesabu, haraka kwa Kifaransa, kila siku, katika mji ambao hakuna mtu mwingine aliyekuwa na kitu cha kutwanga. Yule aliyetufundisha kwamba sauti ni njia, alikuwa anatengeneza barabara mpaka mlangoni kwetu. Hakuwaza kwamba wenye bunduki nao wana njaa.

Walikuja watatu. Kishindo cha mchi kilifunika nyayo zao, kwa hiyo aliponyamaza walikuwa wameshafika langoni. Mimi siku ile ungo wangu niliuacha karibu na jiko, mbali. Mkono ulitafuta, ukapata kitu. Ulikuwa ufagio, miguuni pa Ramazani. Niliinama nikafagia.

Mkubwa wao alikwenda moja kwa moja kwenye kinu. "Mama, muji muzima iko na njaa. Weye unatwanga nini?"

Akatia mkono, akatoa kile kipande cha gunia kinachochuruzika maji ya kijani. Akakitazama. Alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka, akatazama ua.

"Hawa watoto wote ni wa nani?"

"Wangu," Mwalimu akasema. Ndivyo tulivyokuwa tumepanga. Wote wake.

Akawapita mmoja mmoja. Huyu anasaga, huyu anapepea, mimi ninafagia mahali pamoja tu, mpaka vumbi limekwisha. Akafika kwa Ramazani, amesimama mikono mitupu.

"Huyu hana kazi."

Ramazani alinitazama. Midomo yake ilicheza bila sauti, kama tulivyofundishwa, na mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri wa midomo. Alisema: wangu. Neno hilo moja. Nikaendelea kufagia.

Mwalimu alisema, "Huyo ni mwanangu. Wa tumbo."

"Si umesema wote wako? Uko na wengi, mama. Mumoja akipungua hutamuona."

Walimtwika Ramazani sanduku lao langoni hapohapo, wakaondoka naye. Walipopinda kona, Mwalimu alituhesabu. Kumi na watatu. Akarudia. Mimi sikungoja amalize. Nilikimbia nyumbani, na nilipofika nikaona bado nimeushika ufagio. Mama yangu alifagia nao mpaka ukabaki urefu wa kidole, halafu ukawa wa kuwashia moto. Juma moja sikwenda. Siku ya nane Mwalimu alisimama mlangoni kwetu, macho makavu, akasema, "Ungo wako unakungoja." Nilikwenda. Nilisoma kwake mpaka shule zilipofunguliwa, na hakunitajia ufagio, wala mimi sikumtajia. Kinu alikirudia siku iliyofuata baada ya mtoto kuchukuliwa. Alikitwanga kitupu, kikavu, kwa sauti nyingine, iliyokuwa haifanani na chakula.

Ramazani hakurudi. Mmoja alisema amemwona huko Kama, kwenye mashimo ya dhahabu. Mwingine akasema yuko Obokote, ana mke na shamba. Wa tatu alitaka apewe kitu kwanza ndipo aseme, na Mwalimu alimpa kuku, naye akasema Kalima.

Miezi michache iliyopita niliona mega za shule zinaisha kabla ya wakati. Nilihesabu. Somo moja linakula kiasi fulani, masomo mawili kwa siku, siku sita. Nilihesabu tena. Karibu nusu ilikuwa inakwenda pasipojulikana. Niliwashuku watoto, nikasema wanaangalia video za ngoma. Basi nikaenda alasiri, darasa limekwisha, nikanyata mpaka ukutani kama mwizi katika shule niliyoilipia mega mimi.

Alikuwa peke yake. Alikuwa anaangalia video za wachimbaji, zile ambazo vijana wanajipiga wenyewe shimoni na kuzitupa mtandaoni: matope, taa za kichwa, watu wanapokezana makarai. Kila uso ulipotokea alibonyeza kioo, usimame. Anausogeza karibu na macho. Anauachia. Mwingine.

Aliniona. "Somo la jiografia," akasema. "Naangalia namna wanachimba."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hawa watu hawaoshi nyuso. Unaweza kumujua muntu namna gani?"

Mtoto aliyechukuliwa akiwa na miaka kumi na miwili, leo ni mtu mwenye ndevu. Nilisimama pale nikiwa na neno langu mdomoni, likacheza, halikutoka. Tangu siku ile nilimwekea mega maradufu nikamwambia ni zawadi ya kampuni. Akauliza kampuni gani inatoa zawadi.

Leo njo nilikwenda kwake tena.

Mtihani wa mwisho wa darasa la sita ni kesho, na Sifa ameandikishwa. Mwalimu ndiye aliyemwandikisha, kwa mkurugenzi mmoja wa shule ya ng'ambo ya mto, yule aliyekuwa wa kupepea moto enzi zetu. Lazima avuke, akae ndani ya chumba na watoto asiowajua, saa inayojulikana na kila mtu. Asipokwenda, nyota zote za mama wa simu hazina thamani ya kitunguu. Hataingia sekondari, na mwaka ujao atakuwa amepita umri wa kuona haya na kuanza kuzoea kukaa. Hilo Sifa aliniambia mwenyewe. "Baba, mimi siko ungo wa kutundikwa nyumbani."

Lakini asubuhi ya leo gatini walisema kuna askari wapya wamefika na treni, hakuna anayejua ni wa nani. Wengine walisema mitumbwi itazuiwa. Nilifunga mwavuli saa tisa nikaenda kumwambia Mwalimu kwamba Sifa haendi.

Miguu yake imevimba siku hizi. Alikuwa kwenye kigoda, kinu mbele yake, sombe ya kweli ndani. Nilimsalimu, nikamweleza yote: askari, treni, mitumbwi. Alisikiliza anatwanga. Nilimaliza, nikasema:

"Mwalimu, weye ulitufundisha kujificha. Nipe shauri. Nikimwacha avuke, asiporudi?"

Mchi ulisimama. Bila kutaka, mkono wangu ulitafuta kitu cha kushika.

"Niliwaficha," akasema, "na alichukuliwa ndani ya maficho. Sasa unataka nikuambie maficho iko wapi?"

Niliokota jani lililodondoka kinuni.

"Kumi na wanne," akaendelea. "Mulikuwa kumi na wanne. Nilihesabu watoto, kumi na watatu. Nikarudia. Halafu nikahesabu vyombo." Alinitazama, na macho yake hayakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Ungo ulikuwa karibu na jiko. Ufagio haukuwapo."

Nilikaa chini, kwenye udongo, na suruali yangu ya kazi. Miaka yote hiyo. Ungo wako unakungoja. Ungo ulikuwa wa baba yako, Sifa. Alijua kila mara aliponiuzia maneno yake na kila mara alipobishana nami juu ya upepo wa elfu mbili.

"Mwalimu," nikasema, "ule ufagio..."

"Kesho mutoto avuke. Mupe karatasi yake, mupe kalamu mbili. Mikono yake isiwe na kitu kingine. Mimi nitakaa gatini nimuhesabu akienda na akirudi."

"Na miguu hii?"

"Utanibeba. Uko na mabega."

Alirudia kutwanga, polepole, ile ya hesabu. Niliinuka, nikajipukuta. Nilipofika langoni aliniita, akaniita kwa jina langu, ambalo nilidhani amelisahau.

"Na ufagio wangu niletee. Mupya, wa njiti ngumu, usiniletee wa kupatana bei. Ulete weye mwenyewe, usimutume Sifa. Sifa kesho iko na mtihani."